Viputo vya Mama Tanuru

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mkuu wetu wa kitengo cha tanuru na utafiti anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake la kwenye vyeti wanalijua watu wa utumishi na benki yake. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, tunamwita Mama Tanuru, na yeye huitika bila kinyongo. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mkaguzi wa chupa ambaye meza yangu imetazamana na mlango wake kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, niandike wasifu wake kwa ukurasa mmoja wa jarida la kiwanda. Ukurasa mmoja haukutosha, na mhariri ataniwia radhi.

Kwa faida ya wageni watakaotusoma siku ya sherehe, niseme kwanza kazi yetu. Tunatengeneza chupa za kioo. Mchanga, magadi, chokaa na vipande vya chupa kuukuu huingia upande mmoja wa tanuru, vikayeyuka pamoja, na upande wa pili kioo hutoka kizito kama uji, mashine zikakikata na kukipuliza kuwa chupa. Tanuru letu halizimwi. Likishawashwa huwaka kwa miaka mingi mfululizo, na siku likizimwa ujue ni la kuvunjwa na kujengwa upya.

Mama Tanuru hakuja hapa kuajiriwa. Alikuja akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, wa kwanza kabisa kuletwa na chuo kikuu afanye utafiti wake ndani ya kiwanda badala ya maabara ya chuo. Wakati huo hakuna aliyejua mtu wa aina hiyo awekwe wapi. Hakuwa mfanyakazi, hakuwa mgeni, na hakuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ambaye unaweza kumtuma chai. Walimpa kofia ngumu ya kiume iliyomfunika hadi kwenye nyusi, wakamtafutia kiti katika stoo ya matofali ya tanuru. Mafundi waliposikia neno uzamivu wakaanza kumwita mpiga mbizi, na kila asubuhi walimuuliza kama amefika chini. Jina hilo limewaganda watafiti wote waliomfuata. Chumba chao mpaka leo kina kibao alichokiandika fundi rangi kwa mkono wake: Wapiga Mbizi, Gonga Kwanza.

Tatizo alilokabidhiwa lilikuwa viputo. Kwa miezi mingi chupa zetu zilikuwa zikitoka na vitone vidogo vya hewa ndani ya kioo, vingine vidogo kama chembe ya chumvi. Chupa yenye viputo ni dhaifu, hupasuka ikijazwa. Wakaguzi wa enzi hizo walikuwa wakizitupa kwa matoroli, meneja wa uzalishaji alikuwa hashikiki kwa hasira, na wazee wa tanuru walikuwa wamekuna vichwa mpaka wakachoka. Binti yule wa kofia kubwa alizunguka kiwanda kizima akiuliza maswali, kisha akahamia uwanja wa nyuma, kule vipande vya chupa kuukuu vinakooshwa kabla ya kupelekwa tanuruni. Aliona kwamba vilikuwa vinaingia tanuruni vikiwa bado vinachuruzika maji. Mzigo uliolowa, yaani mchanganyiko ule wa kuyeyushwa, ulikuwa unaelea na kusukumwa mbele kabla haujayeyuka vizuri, na hewa yake ikakosa muda wa kupanda juu na kutoka.

Alifurahi mno. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, watu wazima walikuwa wameshindwa, na yeye alikuwa amepata. Hapo hapo akakimbia kumwambia meneja. Meneja naye hakupoteza muda: uwanja ukaezekwa, mfereji ukachimbwa, vipande vikawa vinakaushwa kwanza. Viputo vikaisha. Mafundi walimbeba juu juu kuzunguka uwanja, na kofia ikadondoka.

Kwa mtu wa kiwandani, habari ingeishia hapo na ingekuwa njema. Kwa mtafiti wa uzamivu ndipo msiba ulipoanzia. Alipokwenda chuoni kueleza ushindi wake, wasimamizi wake walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamuuliza vipimo viko wapi. Viputo vilikuwa vingapi wakati mzigo ukiwa na maji kiasi hiki, na vingapi ukiwa na maji kiasi kile? Mzigo ulielea umbali gani? Alikuwa na vipimo vya siku chache tu, kwa sababu alipogundua alitibu. Ugonjwa ulikuwa umepona kabla hajauandika. Alijaribu kuurudisha katika tanuru dogo la maabara ya chuo, lakini chungu cha ukubwa wa kikombe hakina nafasi ya mzigo kuelea, na viputo vya mle vilikuwa na tabia zao.

Akarudi kwa meneja, akamwomba ruhusa mzigo uloweshwe tena kwa makusudi, kwa muda, ili apime. Meneja huyo, ambaye mimi nilimkuta akikaribia kustaafu, alikuwa akipenda kunisimulia jinsi alivyomjibu. "Binti, umetuponya. Sasa unaomba tuugue tena?" Alikuwa akicheka kila akifika hapo. Baadaye, alipozidi kumfahamu yule binti, akawa anaisimulia bila kucheka.

Muda wa ufadhili ukaisha. Kiwanda kikampa ajira, naye akaikubali kwa muda, mpaka atakapopata tatizo jingine la kumpeleka tena chuoni. Matatizo hayakukosekana, lakini tangu hapo yalikuwa matatizo ya kazi, yenye mtu anayesubiri jibu kabla ya Ijumaa. Akaolewa na mwalimu wa sekondari, wakapata binti, tanuru la kwanza likavunjwa na la pili likajengwa yeye akiwa msimamizi. Maisha yakamchukua mzima mzima kama yanavyotuchukua sote.

Nyumbani kwao jambo hili lilikuwa na uzito wake. Mama yake mzazi alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba binti yake anasomea udaktari. Majirani, kwa nia njema kabisa, wakawa wanamletea watoto wenye homa kila aendapo kusalimia. Aliwashika vipaji vya nyuso, akawaelekeza zahanati, na akirudi kazini alituchekesha kwa kusema homa pekee anayoijua yeye ni ile ya digrii elfu moja na mia tano. Mama yule alifariki akimwita daktari, na bintiye hakumsahihisha hata siku moja. Aliwahi kuniambia, tukiwa kwenye foleni ya chakula, kwamba hilo humuuma kuliko yote. Kisha akaniuliza kama nimeona chumvi ilipo.

Mtu mwingine angewachukia watafiti baada ya hayo. Yeye aliwaita waje. Ni yeye aliyeushawishi uongozi wa kiwanda na chuo kikuu wakubaliane kuleta wanafunzi wa uzamivu kila mara, na kwa miaka yote hii chumba kile hakijakosa mtu. Waliomaliza mikononi mwake wanajaza meza mbili za bwalo letu, na kuna wakati nilihisi anawajua kwa sauti za viatu.

Wanafunzi hawa, kwa wasiowafahamu, ni watoto wa baba wawili. Chuo kinataka kitu kipya ambacho dunia haijakisikia. Kiwanda kinataka kitu kinachofanya kazi, hata kama dunia imekisikia mpaka imechoka. Chuo kinataka kila kitu kichapishwe. Mwanasheria wetu angependa hata rangi ya geti iwe siri. Katikati ya mvutano huo anakaa kijana ambaye ndiyo kwanza ametoka darasani, amevaa viatu vyeupe siku ya kwanza, na anauliza tanuru huzimwa saa ngapi ili aingie kufunga vipimajoto. Huyo wa kuuliza hivyo yupo kweli. Sasa ni mkuu wa idara chuoni, na tutamkalisha meza ya mbele siku ya sherehe ili tumtanie vizuri.

Mama Tanuru alikuwa na sheria moja kwao, na aliisema kwa sauti ya upole iliyokuwa mbaya kuliko ukali. Pima kwanza, ndipo utibu. Kijana akija mbio ameshika chupa, macho yamemtoka, anataka kwenda kumwambia meneja, Mama alimkalisha, akammiminia chai, akamuuliza amepima mara ngapi. Wengi waliondoka wamenywea. Wengine walinung'unika kwangu kwamba mama huyu anawabania. Niliwaambia wanywe chai.

Alikaa na mwanasheria akipigania mistari ya tasnifu zao mmoja mmoja. Aliwafundisha kuongea na watu wa zamu kama watu, si kama sehemu ya mashine. Mmoja aliyeachwa na mchumba katikati ya utafiti alipewa wiki nzima ya kupanga matofali stoo, kazi isiyohitaji akili, na alitoka huko akiwa amenyooka. Nao walipofaulu, walimkumbatia, walilia kidogo getini, wakaenda zao. Ndivyo ilivyo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Hakuna anayesomea uzamivu ili azeekee kwenye chumba kile. Lakini nilimwona, kila mmoja alipoondoka, akiingia mle ndani na kukaa kwenye kiti kilichobaki wazi, mlango ukiwa wazi, bila kufanya lolote. Chai yake nilimpelekea huko huko.

Mtafiti wa mwisho kuletwa kwake tulimwita Kitindamimba, kwa kuwa tulijua Mama hatapokea mwingine. Ni binti mwembamba, msemaji, anayekula kama fundi wa matofali. Mada yake ilitegemea vichomeo vipya ambavyo kiwanda kilikuwa kimeahidi kuvinunua. Akiwa ameshatumia muda wake mwingi katika maandalizi, uongozi ukabadili mawazo na vichomeo vikasahauliwa. Alibaki na kichwa cha habari kizuri na hana habari yenyewe. Ufadhili wake ulikuwa unakaribia ukingoni, na akaacha hata kuongea, jambo lililotutisha kuliko kulia.

Ndipo viputo vikarudi. Uwanja wa nyuma ulikuwa umepanuliwa ili tutumie vipande vingi zaidi vya chupa kuukuu, na sehemu mpya haikuezekwa. Mvua zilipoanza, mzigo ukawa unalowa. Mimi ndiye niliyeiona chupa ya kwanza kwenye taa ya ukaguzi, na sikumpelekea mtu mwingine. Niliiweka mezani kwa Mama Tanuru. Aliiinua, akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu sana.

Nadhani hakuna mtu mwingine kiwandani aliyejua kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akivitamani. Kazi yake ilikuwa kuvizuia, na alivizuia kwa uaminifu. Hakuna aliyekuwa mkali kwa habari za maji kama yeye. Lakini moyoni alivisubiri kama mtu anayesubiri ndugu aliyesafiri bila kuaga. Sasa vimekuja, yeye akiwa mkuu wa kitengo, mwenye sauti ya kuuambia uongozi usitibu kwanza. Ilikuwa miezi ya biashara hafifu, na chupa mbovu huyeyushwa upya, kwa hiyo uongozi ulimkubalia apewe msimu wa mvua apime.

Yule mkuu wa idara, mwana wa viatu vyeupe, aliposikia alipiga simu mwenyewe. Chuo kilikuwa tayari kumsajili upya Mama Tanuru, mwalimu wake, kwa idhini maalumu, amalizie pale alipoachia. Habari ilienea hadi jikoni. Mafundi walimpigia saluti akipita. Mumewe, mwalimu, alipaka rangi chumba cha nyuma cha nyumba yao kiwe cha kusomea. Kulikuwa na sharti moja tu, na halikuwa la ajabu: jambo moja haliwezi kuzaa shahada mbili. Atakayevipima viputo hivyo kwa ajili ya tasnifu yake, ni vyake.

Jumatatu iliyofuata Mama Tanuru aliingia chumba cha udhibiti akiwa amemshika Kitindamimba mkono. Alimkalisha mbele ya tundu la kuchungulia tanuru, akamwonyesha mahali mzigo unapoelea, akamwambia kwamba viputo hivyo ni vyake. Binti alikataa. Alisema mbele yetu sote kwamba anajua ni vya nani, na kwamba hawezi kula chakula cha mama yake. Mama Tanuru alimjibu kwa ile sauti ya upole. "Mimi nina kazi niliyoimaliza, mwanangu. Wewe una nini?" Binti akainama kwenye tundu, na sisi tukajifanya tunasoma mageji.

Msimu ule nilimwona Mama akifanya kazi ngumu kuliko zote za maisha yake, nayo ilikuwa kutofanya kitu. Kila siku alipita uwanjani, mikono ameifunga nyuma, akiutazama mzigo unavyolowa. Siku moja kiongozi wa zamu, kwa huruma zake, alikuja na turubai akaufunika. Mama Tanuru alilivuta turubai lile kwa mikono yake mwenyewe, katikati ya mvua, nywele zimelowa, akasimama pale mpaka Kitindamimba alipomaliza kuchukua vipimo vya siku. Kiongozi wa zamu alikuja mbio kwangu kuniambia mkuu wetu amepata wazimu. Nilimwambia hapana, anafundisha.

Vipimo vilipotimia, uwanja uliezekwa na viputo vikatoweka siku chache baadaye. Kitindamimba aliandika kwa kasi ya kutisha. Mwezi uliopita alitetea tasnifu yake mbele ya jopo la chuo, na tulikwenda na basi la kiwanda, tukajaa safu za nyuma na buti zetu. Watahini walimbana kweli kweli. Walitaka kujua anathibitishaje kwamba chanzo ni maji na si kitu kingine, naye aliwapa siku kavu na siku za mvua, moja baada ya nyingine, mpaka mzee wa jopo akafunga kalamu. Mama Tanuru alikaa kiti cha pembeni, midomo yake ikisema kila jibu pamoja na binti, bila sauti.

Binti alifaulu bila marekebisho ya maana. Ana kazi tayari katika kiwanda kingine, mbali, na ataondoka wiki moja baada ya sherehe hii.

Wakati wa kurudi nilikaa na Mama Tanuru kiti kimoja. Watu nyuma walikuwa wanaimba. Sisi tumefahamiana muda mrefu, kwa hiyo nilimuuliza waziwazi anajisikiaje. Alisema amefurahi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefurahi kweli. Basi lilipita taa mbili tatu za barabarani ndipo akaongeza, akitazama dirishani: "Na mimi nilikuwa naitaka." Nilimshika mkono na tukafika hivyo.

Nimemwomba ruhusa ya kuandika hayo, akafikiri kidogo, akasema niandike. Amesema vijana wajue kwamba mtu anaweza kutenda jambo kwa moyo wote na bado likamuuma.

Mwanzoni mwa mwaka watakuja wapiga mbizi wawili wapya. Chumba kimefagiliwa. Watafika getini na viatu vyao visafi, watamuulizia mtu wa kuwapokea, na kusema kweli mpaka sasa sijui nani atatoka. Tumekubaliana kuwa tutatoka wengi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa zamu zote, na ya wale walio mbali waliopita mikononi mwako: Mama Tanuru, asante kwa tanuru ambalo hukuliacha lipoe na kwa watu uliowakomaza kando yake. Tunakuombea afya, asubuhi za utulivu pamoja na mwalimu wako, na wajukuu wenye maswali mengi. Tutakukosa sana, na hatuna namna ya kulificha hilo. Shahada ile uliitaka maisha yako yote, ikakufikia mkononi, nasi tulikuwepo ulipompa mwenzio. Nenda salama, Mama. Tulikuona.